Tawi la Kulwa, Tawi la Doto

Mwanza haihitaji kufundishwa bonsai. Shika njia yoyote inayopanda mlimani, utaukuta mti wa jamii ya mkuyu umekalia jiwe kubwa kuliko nyumba. Mizizi imeteremka usoni mwa jiwe kutafuta udongo ulioko chini, na shina lenyewe fupi, limepinda, limekomaa. Wazee wanakuambia waliukuta hivyo hivyo. Ndege alikula tunda, akajisaidia kwenye ufa, akaenda zake. Basi. Wajapani wanakaa na chungu kimoja miaka na miaka, baba anamwachia mwana, wakitafuta umbo hilo hilo ambalo sisi huku tunaliegemezea baiskeli.

Mume wangu naye aliegemeza baiskeli mpaka alipostaafu.

Alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha minofu ya sangara, na mtu aliyezeekea katikati ya maboksi yenye lebo hastaafu kwa siku moja. Alianza na makopo yangu ya viungo: BIZARI, tarehe. ILIKI, tarehe. Akaja kwenye funguo, akaja kwenye dawa ya mende. Majirani zetu hapa Mirongo wakawa wanapita kuchungulia kama na mimi nimeshabandikwa. Ndipo akauona mche uliotokeza kwenye ufa wa ukuta wa bafu la uani, ule ambao fundi alishatuonya tuung'oe kabla haujatuangushia ukuta. Aliung'oa kweli, ila hakuutupa. Aliupanda kwenye karai langu la kukandia, na tangu hapo unga wa chapati wa nyumba hii unakandwa kwenye sufuria.

Nitasema haki: mti ulikuja kupendeza. Aliupunguza mizizi, akauhamishia kwenye chungu kipana cha chini, akaukunja matawi kwa nyaya za shaba alizozichuna kwenye waya za umeme zilizokufa. Shina likanenepa, mizizi ikajitokeza juu ya udongo, majani yakawa madogo madogo. Kila mgeni alisimuliwa habari za msonobari wa ukoo wa Yamaki: ulianza kutunzwa mwaka 1625, ukanusurika bomu la Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 kwa kuwa ulikuwa nyuma ya ukuta, na mwaka 1976 Masaru Yamaki akawapa Wamarekani zawadi, wala hakuwaambia umepitia nini, uko Washington hadi leo. Akifika kwenye ukuta, mume wangu alikuwa akiugeukia mti wetu wa bafuni kwa jicho la kuuambia nao ujiandae.

Shida ya mti mmoja ni kwamba nina watoto pacha.

Kulwa, wa kiume, alitangulia. Doto ni wa kike. Baba yao ni Mhaya, na bibi yao wa Bukoba hakuwahi kuyakubali majina yetu ya Kisukuma. Kwake yeye ni Ishengoma na Nyakato tangu walipozaliwa. Hatukugombana naye, isipokuwa Doto amekua akigeuka kila konda wa daladala anapoita abiria wa Nyakato.

Doto alipoposwa, kabla hata habari za mahari hazijakaa sawa, alitamka kwamba zawadi anayoitaka kwa baba yake ni ule mti. Kulwa akasema mti aliahidiwa yeye tangu akiwa kidato cha pili, na mali ya ukoo haiendi kwa watu. Wakaanza kuulizana nani alikuwa akiumwagilia baba alipolazwa kwa ngiri. Ikafika mahali chakula cha Jumapili kinaliwa kimya, kila mmoja anamtazama mwenzake kama hakimu anayesubiri ushahidi.

"Hakuna atakayekosa," Baba Kulwa akatangaza. Matawi mawili ya chini, moja la kulia, moja la kushoto, atayaotesha mizizi yakiwa hapo hapo mtini. Yakishaota mizizi atayakata, kila pacha apewe lake likiwa mti kamili, na mti mama ubaki uani. Watoto wakaiona hekima ya baba yao. Mimi ninayelala naye nilijua matawi hayo yalikuwa yakimkera muda mrefu. Yalitokeza mahali pabaya, sawa kwa sawa, na yeye alitaka kuyaondoa, ila akawa anaona uchungu kuyatupa.

Kazi ilifanyika mezani kwangu, vuli ilipokuwa inaanza. Nieleze ilivyo, maana ugomvi wote ulitokea hapo. Maji ya mti hupanda kwa kupita ndani, kwenye mbao. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwa kupita nje, kwenye gome. Ukichuna pete ya gome kuzunguka tawi, upana wake mara moja na nusu hadi mbili ya unene wa tawi, tawi halikauki, kwa sababu maji bado yanapanda. Lakini chakula kinachoshuka, pamoja na homoni zinazochochea mizizi, kinafika kwenye ukingo wa juu wa ile pete na kukosa njia. Kinajazana pale. Ukingo unavimba, na pakiwa na giza na unyevu, panatoka mizizi. Wachina wanazalisha miti ya matunda kwa namna hii tangu zamani sana.

Sharti ni moja. Chini ya gome kuna ngozi nyembamba, mbichi, yenye utelezi. Hiyo ndiyo inayozaa gome jipya kwa nje na mbao mpya kwa ndani. Ni lazima ikwanguliwe yote, mbao ibaki nyeupe na kavu. Ukiacha hata ukanda mwembamba, mti unajishona juu ya kidonda, chakula kinapata njia yake, na habari ya mizizi inaishia hapo.

Tawi la Kulwa lilitendewa haki. Mimi ni fundi wa kushona, kwa hiyo ulitumika wembe wangu wa kufumulia, kikafuata kisu changu cha samaki, akakwangua mpaka mbao ikalia. Utomvu mweupe ukatiririkia kitambaa cha meza nilichokifuma kwa mkono wangu, na mpaka leo haujatoka. Utomvu wa miti hii ukikauka ni mpira mtupu. Kwenye video za simu walizungushia majani laini ya vinamasi vya nchi za baridi. Sisi tulizungushia makumbi ya nazi, yakalowekwa, yakakamuliwa. Ikabaki nailoni. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni marufuku nchini, na mume wangu, mtu wa kanuni, alizunguka nyumba nzima akitafuta nailoni iliyo halali. Akaupata mfuko wa mkate, mkate ukiwa bado ndani. Mkate ulilala nje usiku ule. Akakaza juu na chini kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, akabandika lebo: KULWA, tarehe, USIFUNGUE.

Tawi la Doto lilikuwa ndiyo kwanza limevuliwa gome umeme ulipokatika. Nikammulikia kwa simu, simu nayo ikaisha chaji. Nikamsikia gizani akisema, "Panatosha." Akafunga makumbi kwa kupapasa, akazungushia nailoni iliyokuja na godoro, na lebo akaiandika asubuhi.

Hilo "panatosha" nililiweka akiba.

Hesabu yake ilikuwa kwamba mizizi itoke kabla mama yake hajaja kwenye sherehe ya kumuaga Doto, mwezi Desemba. Alihesabu kwa mazoea ya zamani. Tangu MV Bukoba ilipozama Mei 1996, mama mkwe hakanyagi meli. Huja kwa basi kupitia Geita, na basi likishafika Busisi lilikuwa linasubiri kivuko mpaka abiria wanamaliza mahindi yote ya kuchoma ya wachuuzi. Lakini Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, na wajukuu wakamwambia bibi yao kwamba siku hizi ni kufumba na kufumbua. Bibi akaona ya nini asubiri Desemba wakati kuna maandalizi. Novemba akateremka stendi ya Nyegezi na mikungu ya ndizi na ndoo ya senene, vyote vimefunikwa kwa majani ya mgomba, huku ameegemea fimbo mbichi ambayo haijatolewa hata gome.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huu mti unaumwa nini?"

Alikuwa hajaketi. Nikamweleza nilivyoweza, akasikiliza nusu, akapapasa jani. "Huu mrumba," akasema. Kwao Kagera mrumba unasimama katikati ya migomba kwenye vibanja, na bibi yake mzaa mama alivaa nguo ya magome kabla kaniki haijaenea. Kwa jirani zao Waganda mti wa jamii hiyo unaitwa mutuba, na ufundi wa nguo ya gome haujafa: mwaka 2005 UNESCO iliutangaza kuwa hazina ya binadamu wote, na mwaka 2008 ukaingia kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Fundi anachuna gome la shina zima, duara kamili, kuanzia karibu na ardhi hadi yanapoanzia matawi. Analipiga kwa nyundo za mbao zenye mistari mpaka linatanuka na kuwa kitambaa chenye rangi ya udongo mwekundu. Na shina lililobaki uchi? Analifunga kwa majani ya mgomba kabla ule utelezi haujakauka. Gome linarudi. Mwakani anachuna tena, na mti mmoja unaweza kumlisha mtu miaka na miaka.

Kwa hiyo mama mkwe alipouona mti umevuliwa gome kisha umefungwa nailoni ya godoro, aliiona kazi anayoijua, imefanywa na mtu mvivu.

Alisubiri mwanawe aende kwenye kikao cha kamati. Akafungua furushi lililokuwa karibu na kigoda chake, nalo lilikuwa la Doto. Akatoa makumbi yote, akaikuta mbao bado ina utelezi na ngozi ya kijani imeanza kutambaa kutoka pembeni. Akachukua jani la mgomba kutoka kwenye ndoo ya senene, akalibana kwenye tawi sawasawa, akakaza kwa kamba za mgomba. Kisha, na hili ndilo lililomuuma mume wangu kuliko yote, akarudishia nailoni na lebo juu yake ili kijana asione vibaya. DOTO, tarehe, USIFUNGUE.

Mimi nilikuwa kwenye cherehani, nashona sare za kamati. Niliona. Mkwe wangu akiwa na jambo lake mkononi siingilii.

Wiki zikaenda. Baba Kulwa anamwagilia, anapapasa furushi, anatabasamu peke yake. La Kulwa likaanza kuonyesha: nyuzi nyeupe nyuma ya mfuko wa mkate, moja, nyingi, zikaanza kugeuka rangi ya kahawia, ndiyo kusema zinakomaa. La Doto kimya. Kwa pacha hilo si jambo la kuchekea. Kwetu ukimnunulia Kulwa shuka, utamnunulia na Doto shuka, na shangazi zangu wakaanza kuulizana kwa sauti ya chini ni nani kampunja mtoto. Kamati ya harusi, iliyoundwa kukusanya michango, ikajikuta ina ajenda ya tawi. Kulwa akatuma picha ya mizizi yake kwenye kundi la WhatsApp. Doto akajitoa kwenye kundi. Mchumba wake akajitoa kumuunga mkono. Mweka hazina akawasihi warudi, angalau mpaka ahadi zilipwe.

Ikaamuliwa furushi lifunguliwe mbele ya watu. Baba Kulwa alikata kamba, akavua nailoni, akakutana na jani la mgomba. Akaligeuza. Akalinusa, lilinuka senene. Chini yake palikuwa na gome: jipya, laini, la kijani hafifu, limezunguka tawi lote. Mshono ungeuhisi kwa kidole juu na chini tu.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," mama mkwe akasema, akiwa ameshajiweka sawa kupokea shukrani. "Uliuumiza, nikauponya."

"Mama, mimi nilikitaka kile kidonda!"

"Unakitaka kidonda kwenye mti wa mtoto anayeolewa?"

Kamati nzima ikahamia upande wa mama. Mume wangu akaeleza habari za chakula kinachoshuka, homoni, ukingo wa juu, Wachina. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha, halafu akauliza swali moja tu.

"Na ule utelezi, uliukwangua?"

Kimya.

"Jani la mgomba halioteshi gome kwenye mbao kavu, baba. Mchuna gome akiukwangua ule utelezi, mti umekwisha. Wewe hukuukwangua. Mimi nimekuta unajiponya wenyewe, nikaufunika tu."

Ndipo na mimi, niliyeombwa kusema kama mke na kama shahidi, nikasimulia habari za umeme, za simu, na za "panatosha". Jicho alilonitupia Baba Kulwa halikuwa na lebo, ila nililisoma.

Tawi la Kulwa likakatwa kwa msumeno wa chuma, chini kidogo ya mizizi. Lilipandwa na makumbi yake hivyo hivyo, maana mizizi ya namna hiyo hukatika kwa kuguswa tu, likafungwa lisitikisike, likawekwa kivulini. Likashika. Lakini mti mama sasa ulikuwa na kidonda ubavuni, na ikawa vita ya pili.

Baba Kulwa alitaka dawa ya kupaka inayotoka Japani. Bei yake, ukijumlisha kusafirisha, nilimwambia aiandike kwenye ahadi yake ya mchango. Mama mkwe alitaka majivu na mavi ya ng'ombe. Mimi nilimkumbusha mume wangu mtu aliyekuwa akimnukuu mwenyewe siku za amani, Alex Shigo, mtaalamu wa misitu wa Marekani aliyepasua maelfu ya miti kwa msumeno ili aone vidonda vya zamani vimeishia wapi. Alichokiona ni kwamba mti hauponi kama nyama inavyopona. Unajenga kuta kwa ndani, unaufungia uozo humo, kisha unakuza mbao mpya kufunika juu. Na rangi na lami zilizokuwa zikipakwa kwenye vidonda hazikuzuia kuoza. Wa bonsai wanapaka zaidi ili ukingo usikauke upesi na kovu lifunge vizuri. Baba Kulwa akasema Shigo alikuwa anazungumzia miti mikubwa. Labda. Nimeona wanaume wakiwaacha wataalamu wao kwa sababu ndogo zaidi.

Walichokubaliana ni kidonda chenyewe kichongwe kishimo kidogo kwa patasi ya nusu duara, ili gome likija kufunga lisiache nundu, na kingo zisafishwe kwa wembe mpya. Utomvu ukatoka, ukakauka, ukaziba nusu ya kazi bila kuombwa. Mume wangu akapaka udongo wa mfinyanzi uliokandwa kwa mafuta ya mgando. Alipolala, mama yake akaongeza majivu. Kidonda kimefunga vizuri sana, na kila mmoja anajua ni kwa dawa yake.

Huku Doto hana mti, na sherehe imekaribia. Alikuwa ameshaanza kusema hahitaji zawadi yoyote, maneno ambayo mzazi akiyasikia ajue gharama inapanda. Bibi yake akamshika mkono, akampeleka nyuma ya bafu. Ile fimbo yake mbichi, aliyoichomeka pale siku aliyofika kwa madai kwamba fimbo haiingizwi ndani, ilikuwa imechipua kuanzia katikati hadi juu.

Sote tukaenda kuitazama. Mvua za Novemba zilikuwa zimeilea.

"Mrumba ndivyo unavyopandwa," akasema. "Unakata, unachomeka. Hata ua wa kibanja tunapanda hivyo." Kisha akamgeukia mwanawe, kwa upole kabisa: "Si ungelikata lile tawi ukalichomeka?"

Mume wangu alijitetea, na nadhani alikuwa na hoja. Fimbo isiyo na majani inaweza kungoja mizizi. Tawi nene lililojaa majani ukilikata bila mizizi linakauka kabla halijajipanga. Tena tawi lililoota mizizi mtini linatoka na umbo lake, na umri wake. "Hii fimbo itakuwa bonsai mwaka gani?"

"Nani kasema iwe bonsai?"

Doto aliagwa na fimbo. Ilipitishwa ukumbini kwenye ndoo iliyovishwa kitenge, mshereheshaji akaitangaza kuwa urithi wa bibi, watu wakaja kuitunza hela. Kulwa alicheza nayo mpaka ndoo ikamwagikia mweka hazina. Mti mama umebaki uani na tawi moja la chini, lile lililopona, limeelekea upande mmoja, na Baba Kulwa sasa anawaambia wageni kwamba uzuri wa bonsai ni kutolingana na kwamba alipanga hivyo tangu mwanzo.

Huko Buswelu, Doto na mumewe waliitoa fimbo kwenye ndoo wakaipanda ardhini, karibu na karo. Juzi mkwe wetu amepiga simu kuuliza kama ni kweli mizizi ya miti hii hufuata maji ya karo. Ni kweli, na inapasua. Mume wangu akamwambia asiiguse mpaka afike yeye, akaanza kutafuta jembe, chungu na lebo. Wakati anatafuta, Doto alikuwa ameshampigia bibi yake Bukoba, na bibi akasema kinachohamishwa ni karo.